Zilibaki sekunde 2: kwa nini refa alimaliza pambano la ngumi la Chávez na Taylor

Hii mada haifi. Kila baada ya miezi kadhaa mtu anarusha kile kipande cha video kwenye grupu, Meldrick Taylor kasimama kwenye kona kashika kamba, refa anamuuliza kitu, kimya, refa anapunga mikono, pambano kwisha, na chini yake mtu kaandika "wizi wa mchana kweupe". Hapo ndo linaanza. Mmoja anasema refa kahongwa, mwingine anasema sheria ni sheria, wa tatu hata video hajaifungua ila maoni anayo. Mi nimebishana hii kitu saluni, kwenye daladala, mpaka msibani tukiwa tunasubiri chakula (wafiwa mnisamehe), na nilichokuja kugundua ni kwamba watu wanabishania maswali matatu manne tofauti kwa mpigo wakidhani ni swali moja, kwa hiyo kila mtu yuko sahihi kwenye swali lake na hakuna anayemsikia mwenzake.

Basi tulifungue taratibu.

Ilikuwa Machi 17, 1990, Las Vegas Hilton, jimbo la Nevada. Upande mmoja Julio César Chávez wa Mexico, miaka 27, mkanda wa WBC (moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia), kapigana zaidi ya mara 60 na hajawahi kupoteza. Upande wa pili Meldrick Taylor, kijana wa Philadelphia, miaka 23, mkanda wa IBF, shirika lingine la aina hiyo, dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984, naye hajapoteza, ana sare moja tu. Uzito pauni 140. Anayeshinda anaondoka na mikanda yote miwili. Walilipa pambano jina la ngurumo kukutana na radi, na mara hii tangazo halikudanganya, maana Taylor alikuwa na mikono ambayo hata ukipunguza spidi ya video bado unapoteza hesabu, na Chávez alikuwa anakuja mbele polepole kama mtu anayekuja kudai kodi ya nyumba, hana haraka, anajua utafungua tu.

Raundi nyingi Taylor alimtesa. Anamwaga ngumi tano, sita, anatoka pembeni, anarudi tena. Chávez anapiga moja. Sasa hapa ndo wengi wanaoangalia leo wanapotea, kwa sababu ile moja ya Chávez ilikuwa inaacha alama na zile sita za Taylor zilikuwa zinaacha pointi. Kufika raundi ya 9, ya 10, uso wa Taylor ulikuwa umevimba, mdomo unavuja damu na damu yenyewe anaimeza. Ukimleta mtu ambaye hajaona mwanzo ukamuuliza nani anashinda, angekuonyesha Chávez bila kufikiria mara mbili. Ila kwenye karatasi mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Baada ya raundi 11 jaji mmoja alikuwa na 108 kwa 101 Taylor anaongoza, wa pili 107 kwa 102 Taylor anaongoza, wa tatu peke yake alimpa Chávez 105 kwa 104. Fanya hesabu mwenyewe. Bondia akiangushwa raundi inakuwa 10 kwa 8, kwa hiyo Taylor akimaliza raundi ya 12 akiwa amesimama, hata kama raundi hiyo ameangushwa mara moja, kadi za majaji zinasoma 116 kwa 111 Taylor, 115 kwa 112 Taylor, na 115 kwa 112 Chávez. Majaji wawili kwa mmoja. Mikanda yote miwili inaenda Philadelphia.

Haikutokea. Zikiwa zimebaki sekunde kama 17 Chávez akampata na konde la kulia kwenye kona, Taylor akaenda chini. Refa, Richard Steele, akaanza kuhesabu. Taylor akajivuta na kamba, akasimama kwenye hesabu ya 6, Steele akaendelea mpaka 8, akamuuliza kama yuko sawa. Hakuna jibu. Akamuuliza tena. Hakuna jibu. Akapunga mikono. Saa ilisimama kwenye dakika 2 na sekunde 58 za raundi ya 12, na raundi ni dakika 3. Chávez kashinda kwa TKO, yaani refa kusimamisha, pambano ambalo sekunde 2 baadaye angekuwa amelipoteza kwa pointi.

Sasa tuje kwenye maswali, tuanze na lile rahisi ambalo ndo linapigiwa kelele zaidi: "lakini alikuwa anaongoza!" Ndiyo, alikuwa anaongoza. Haimhusu refa. Refa aliye ulingoni haoni kadi za majaji, zinakusanywa na zinasomwa mwisho, na hata angekuwa anaziona bado kazi yake haiko kwenye pointi. Kazi ya kuhesabu nani kapiga nani ni ya wale watatu waliokaa chini. Ya refa ni kusimamia sheria na kuangalia kama huyu mtu bado anaweza kujilinda. Kwenye sheria za pamoja zinazotumika sasa Marekani imeandikwa wazi kwamba refa ndiye mwamuzi pekee wa pambano na ndiye pekee mwenye mamlaka ya kulisimamisha. Daktari anamshauri, kona, yaani kocha na wasaidizi wa bondia, inaweza kuomba, ila mkono unaopungwa ni wa refa.

La pili ni muda, na hili ndo lenye utamu. Wanaomlaumu Steele wanasema kwenye nguzo ya kona kulikuwa na taa nyekundu, inawaka zikibaki sekunde 10, na ilikuwa inawaka, angegeuza macho tu angejua. Steele alijibu siku ile ile na hajawahi kubadilisha: yeye si mtunza saa, taa hakuiona, na akiona mtu amechoka kupigwa anasimamisha, ibaki sekunde moja ama zibaki dakika tatu. Kisheria hapo huna pa kumshika. Hakuna kifungu kinachosema mtu akiwa hoi zikiwa zimebaki sekunde 30 unasimamisha ila zikibaki 2 unamwonea huruma. Ukiweka kifungu hicho maana yake umemwambia refa aangalie saa wakati anatakiwa aangalie macho ya mtu.

Ila mi nitakuwa mkweli, upande wa pili una hoja nzito na wengi wanaomtetea Steele wanairuka. Kama lengo la kusimamisha ni kumkinga bondia na ngumi inayofuata, basi ngumi gani ilikuwa inafuata? Refa akimaliza hesabu lazima ajiondoe kati yao aseme endeleeni, Chávez atembee mpaka alipo Taylor, anyanyue mkono. Sekunde 2 hazitoshi hata kwa mtu mwenye njaa kama Chávez. Yaani hatari aliyokuwa anamkinga nayo ilikuwa karibu na sifuri, na alichomnyang'anya kilikuwa kila kitu. Sijawahi kusikia jibu la kueleweka kwa hoja hii zaidi ya lile lile, kwamba refa hakujua zimebaki ngapi, na hatakiwi kujua. Ni jibu sahihi na linauma.

Kuhusu ile hesabu ya 8, wengi wanadhani ni ya kumpa bondia apumue. Kwenye ngumi za kulipwa ukianguka unahesabiwa mpaka 8 kwa lazima, hata ukinyanyuka kwenye 2, na sekunde zile ni za refa kukusoma. Anaangalia macho kama yanamfuata, miguu kama imekaa chini yake, mikono kama inapanda yenyewe, alafu anakuuliza kitu. Marefa wengi siku hizi wanakwambia piga hatua uje kwangu, uende kulia, nyoosha mikono, sababu mdomo unaweza kusema niko fiti huku miguu inasema mengine. Na kwa sheria za pamoja za sasa hakuna kumhesabu mtu aliye wima kama kwenye ngumi za ridhaa, kwa hiyo mbele ya refa kuna njia mbili tu, mwache apigane au maliza. Hakuna katikati. Na kengele nayo haimwokoi aliyeangushwa, raundi yoyote ile.

Taylor hakujibu. Hilo halina mjadala, video ipo. Mjadala uko kwenye kwa nini hakujibu, na nitarudi hapo maana naona ndo penyewe.

Kwanza lazima umwelewe refa wa Las Vegas wa miaka ile alikuwa anabeba nini kichwani. Novemba 1982, mji huo huo, Ray Mancini alipigana na Mkorea Deuk Koo Kim, ubingwa wa WBA, shirika lingine tena, nje pale Caesars Palace, chini ya jua. Refa Richard Green aliwaacha mpaka raundi ya 14, Kim akaangushwa, akajivuta na kamba akasimama, Green akamaliza. Kim akazimia akafa siku 4 baadaye. Miezi michache mbele, Julai 1983, Green akajiua. Baada ya kifo hicho WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 mpaka 12 na wengine wakafuata. Kwa hiyo ile "raundi ya 12 na ya mwisho" ya Taylor yenyewe ilizaliwa na msiba. Na nyuma zaidi, 1962 New York, Emile Griffith na Benny Paret, refa alichelewa kuingilia Paret akiwa kanasa kwenye kona anapokea ngumi mfululizo, akafa siku 10 baadaye. Kona, kamba, raundi za mwisho, mtu mwenye moyo asiyetaka kuanguka. Refa yeyote aliyesomea kazi yake anaijua hiyo picha.

Na sisi Afrika Mashariki tunayo yetu, ambayo nashangaa haitajwi kwenye huu ubishi. Robert Wangila, Mkenya pekee mpaka leo aliyeleta dhahabu ya ngumi kutoka Olimpiki, Seoul 1988, alimlaza Mfaransa kwenye fainali raundi ya 2. Akaenda kupigana za kulipwa Marekani. Julai 22, 1994, Las Vegas hiyo hiyo, anapigana na David Gonzales, refa akasimamisha raundi ya 9. Wangila akagoma, akalalamika kwamba yuko sawa, kwa nini wanamsimamishia pambano. Akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko akazimia, na siku mbili baada ya pambano akafariki, miaka 26.

Hapa lazima nieleze kidogo kinachotokea kichwani kwa sababu bila hicho hii stori inaonekana uchawi. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kitu kinachoelea, ngumi ikigeuza kichwa kwa ghafla fuvu linaenda na ubongo unachelewa, na vile vimishipa vidogo vinavyounganisha ubongo na utando wake vinavutika, vingine vinachanika. Damu inaanza kuvuja polepole. Mwanzoni mtu anaweza kuongea, kutembea, kubishana, mpaka damu ijae na ianze kuubana ubongo. Ndo maana neno la bondia "niko sawa" lina thamani ndogo sana, na hapohapo asiposema hata hilo neno, refa anabaki na nini?

Kwa hiyo mtu akiniambia Taylor alikuwa mzima namuuliza, umejuaje? Hospitali walikuta mfupa wa kuzunguka jicho umevunjika, mwili umeishiwa maji, anakojoa damu. Alishinda raundi nyingi na alikuwa ameharibika, vyote kwa pamoja. Watu hawapendi vitu viwili viwe kweli kwa wakati mmoja lakini ngumi ndo ilivyo.

Alafu lile la hongo. Promota wa Chávez alikuwa Don King, na jina la King likitokea popote basi kila mtu anaanza kunusa. Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 1991, Steele akasimamisha pambano la Mike Tyson, naye wa King, na Razor Ruddock raundi ya 7, Ruddock akiwa bado wima, na ulingo ukageuka uwanja wa fujo, kona zikavamiana. Kwa wenye nadharia hiyo ilitosha. Mi siyo mtetezi wa King, nani anaweza, ila ushahidi wa hongo haujawahi kuonekana mpaka leo, na ukiifikiria hongo yenyewe inakuwa na kichekesho: unamhonga refa, anamwacha mtu wako apigwe raundi 11 nzima, anasubiri mpaka zibaki sekunde 2 tena kwa bahati Taylor aanguke? Hata mwizi wa kuku anajipanga vizuri zaidi. Steele alizomewa Las Vegas miaka mingi baada ya pale, anatajwa tu jina lake ukumbi unazomea, na 2014 wakamwingiza kwenye nyumba ya heshima ya ngumi ya kimataifa. Vyote viwili, mtu huyo huyo.

Msije mkadhani kwangu kila refa anayesimamisha yuko sahihi. Angalia Carl Froch na George Groves, Manchester, Novemba 2013. Groves alimwangusha bingwa raundi ya kwanza, akawa anaongoza kwenye kadi zote tatu, raundi ya 9 akatikiswa, akawa anapokea lakini na yeye anarudisha, refa Howard Foster akamkumbatia shingoni akamaliza. Pale hakuna kuanguka, hakuna hesabu, hakuna swali lililoulizwa likakosa jibu. Refa aliona kitu akakihukumu hapohapo na ukumbi wa watu 20,000 ukamzomea mshindi, Mwingereza mwenzao. IBF ikaamuru wapigane tena, wakajaza Wembley watu 80,000 Mei 2014, Froch akammaliza raundi ya 8 kwa konde moja la kulia na siku hiyo refa hakuhitajika kutetewa na mtu. Kwangu Foster aliwahi. Steele alimpa Taylor hesabu nzima na swali mara mbili. Ukiweka haya mawili kapu moja unayaita "refa kaharibu" hujaangalia, umesikia kelele tu.

Na tuwe wakweli kidogo, Hassan Mwakinyo alipommaliza Sam Eggington raundi ya 2 pale Birmingham mwaka 2018, Mtanzania gani aliuliza kama refa kawahi? Tulikuwa barabarani tunapiga honi. Refa anayemsimamishia mtu wetu ni mwizi, anayemsimamishia mtu wao ana macho mazuri.

Sasa turudi kwenye kimya cha Taylor. Kabla ya raundi ya 12 kona yake, Lou Duva ndo mkubwa pale, walimwambia anaihitaji raundi hii. Kwa majaji wawili alikuwa na raundi 9 kwa 2 na 8 kwa 3! Angeweza kuzunguka ulingo dakika tatu, kukumbatia, kukimbia, hata kudondosha kinga ya meno, na angeamka bingwa. Kona haioni kadi, sawa, tumekubaliana kadi ni siri, lakini kazi ya kona ni kuhesabu kwa macho, na mtu ambaye anameza damu toka raundi za katikati humtumi kupigana raundi ya mwisho kwa makisio. Taylor akaenda kupigana. Kuna sehemu alirusha ngumi ya kushoto ikakosa akaenda chini mwenyewe kwa uchovu, na alipoinuka hakukimbia, alirudi kwenye ngumi. Aliambiwa anaihitaji.

Na pale kwenye kona, Steele anauliza mara ya kwanza, mara ya pili, Duva kapanda pembeni mwa ulingo anapiga kelele. Kisheria mtu wa kona hatakiwi kupanda pale raundi inaendelea. Bondia aliyetoka kuangushwa, sikio limejaa kelele za ukumbi, anaona kocha wake kapanda, atageukia wapi? Ukiwa na video irudishe kwenye hesabu ya 8 uiendeshe picha moja moja. Achana na mikono ya Steele, kila mtu ameshaiangalia. Angalia kichwa cha Taylor. Kinaanza kwa refa, alafu kinageuka kwenda upande alipo Duva, na swali la pili linamkuta bado anaangalia huko.

Wakarudiana Septemba 1994 pale MGM Grand, Las Vegas tena, miezi miwili haijatimia toka Wangila afe kwenye mji huo. Refa alisimamisha raundi ya 8. Hiyo hakuna anayeirusha kwenye grupu.